Rama Alipopewa Uso Mmoja

Mwaka 1988 wafagiaji wa mji wa Jalandhar, jimbo la Punjab, kaskazini mwa India, waliweka fagio zao chini. Hawakudai nyongeza ya mshahara. Walidai hadithi iendelee. Tamthilia ya Ramayan, iliyotokana na Ramayana, utenzi wa kale wa India juu ya Rama, mwana wa mfalme anayeabudiwa kama mungu, na iliyokuwa imewaketisha watu wa India mbele ya runinga kila Jumapili kwa mwaka mmoja na nusu, ilikuwa inaelekea ukingoni: Rama amemshinda Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka mkewe, amerudi kwao Ayodhya, ametawazwa, basi. Wafagiaji wakasema bado. Kuna kitabu cha mwisho, nacho hakijaonyeshwa. Takataka zikarundikana barabarani, mgomo ukaenea hadi miji mingine, na mwishowe mtengenezaji wa tamthilia, Ramanand Sagar, akarudishwa kazini kutengeneza muendelezo.

Wengi wa wafagiaji wale walikuwa wa jamii ya Wavalmiki, watu ambao mfumo wa matabaka umewatwika kazi ya kuzoa uchafu wa wengine kizazi hadi kizazi. Wanamtukuza Valmiki, mtawa anayetajwa kuwa mtunzi wa kwanza wa Ramayana, na wanajihesabu kuwa watu wake. Sasa katika kitabu hicho cha mwisho, Uttara Kanda, Rama anamtoa mkewe Sita katika ufalme akiwa mja mzito, kisa ni maneno ya watu mitaani. Anayempokea msituni ni Valmiki. Mapacha Lava na Kusha wanazaliwa kwenye makao yake. Yeye ndiye anayewalea, na yeye ndiye anayewafundisha kuimba habari za baba wasiyemjua. Ukiikata hadithi pale kwenye kutawazwa, umempa mtazamaji mwisho mtamu, ila umemtoa Valmiki kwenye hadithi anayosifiwa kuitunga.

Nimesoma uchambuzi mwingi juu ya tamthilia hii, na karibu wote unaanzia kwenye siasa na kuishia huko huko. Siasa nitaifikia. Lakini naanza na fagio kwa sababu wafagiaji wale walikuwa wa kwanza kung'amua kilichotokea. Kabla ya 1987 kila kijiji cha India kilikuwa na Rama wake, na aliyeona Rama wa kijiji jirani hakumtosha alimwimba wa kwake. Runinga ya taifa ilipoichukua hadithi, akabaki Rama mmoja wa wote. Asiyetokea kwenye kioo Jumapili asubuhi ilimbidi agome ili aonekane.

Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 25 Januari 1987, na ya 78, iliyofunga tamthilia ya awali, tarehe 31 Julai 1988. Saa ilikuwa tatu na nusu asubuhi. Chombo kilikuwa Doordarshan, shirika la serikali, na zama zile mtazamaji hakuwa na stesheni nyingine ya kuhamia. Runinga haikuwa kitu cha kila nyumba. Mwenye nayo aliwafungulia jirani mlango, na chumba kikijaa watu walichungulia madirishani. Barabara zilikuwa tupu kama siku ya amri ya kutotoka nje. Harusi zilisogezwa saa, safari zilichelewa, maduka yalifungwa kwa muda. Na watu hawakukaa kutazama hivi hivi: walioga kwanza, wakavua viatu, wakaivisha runinga shada la maua na kuifukizia ubani.

Kivuli cha mambo hayo nilikiona kwa macho yangu. Katika jengo tulilokaa Mombasa, ghorofa ya juu walikuwa familia ya Kigujarati, na mikanda ya video ya Ramayan iliwafikia kupitia jamaa zao wa Uingereza, imenakiliwa juu ya nakala mpaka hukujua nguo ya Rama ni ya manjano au ya waridi. Sisi watoto wa chini tuliruhusiwa kupanda kutazama. Bibi wa nyumba ile, tuliyemwita Ba kama walivyomwita wajukuu zake, hakukaa kwenye kochi. Aliketi chini, ncha ya sari kichwani, na Hanuman, nyani shujaa anayemtumikia Rama, akitokea aliviunganisha viganja vyake mbele ya kifua. Siku moja mmoja wetu alinyoosha miguu kuielekea runinga. Ba akamgusa goti, taratibu, bila neno, mpaka akaikunja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nyanya zetu nao walitukunjisha miguu vivyo hivyo tulipoelekeza nyayo kwenye msahafu.

Kile alichokuwa akifanya Ba kina jina lake: darshan. Muumini haendi hekaluni kumtazama mungu tu, huenda pia ili mungu amtazame yeye. Macho kwa macho. Ndiyo maana sanamu za Kihindu huchorwa macho makubwa yaliyofumbuka, na macho hayo huwekwa mwishoni, kwa ibada. Sagar alilijua hilo, na naamini humo ndimo ilimo siri ya kazi yake. Alitoka kwenye filamu za Bombay, alijua kasi ni nini, na hapa akaiacha makusudi. Kamera inamwendea Rama uso kwa uso na kukaa. Rama anatabasamu kidogo, hasemi. Kisha tunaonyeshwa uso wa kila mtu anayemtazama, mmoja baada ya mwingine, wote wamejaa mapenzi, na muziki wa Ravindra Jain, mtunzi aliyezaliwa asiyeona, unajaza kimya. Ukiitazama kama mchezo wa kuigiza utachoka baada ya dakika kumi. Ukiitazama kama Ba, dakika hazitoshi.

Sura yenyewe haikutoka hewani. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye duka la Mhindi, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, akingoja chenji, ameiona kwenye kalenda ukutani: Rama wa samawati, upinde begani, taji la dhahabu, Sita pembeni, Hanuman amepiga goti. Sagar alizifanya kalenda zile zitembee. Akamchukua Arun Govil kuwa Rama, Deepika Chikhalia kuwa Sita, Arvind Trivedi kuwa Ravana, na Dara Singh, mwanamieleka mwenye jina kubwa aliyekuwa anakaribia miaka 60, kuwa Hanuman. Mishale iliyogongana angani ikitoa cheche vijana wa leo wataiona ya kitoto. Nyuso hazikuchakaa.

Tuone sasa kilichokuwepo kabla ya nyuso hizo. Ng'ambo ya mto Ganga, mkabala na Varanasi, upo mji wa Ramnagar, na huko Ramayana huigizwa kila mwaka kwa takriban mwezi mzima. Haina jukwaa moja. Mji ndio jukwaa. Ayodhya ni mahali fulani, Lanka ni mahali fulani mbali na hapo, na watazamaji hutembea na hadithi kutoka huku kwenda kule, mfalme wa Banaras, ndiyo Varanasi hiyo hiyo, akiwafuata juu ya tembo. Hawatumii vipaza sauti wala taa za umeme. Waimbaji hughani beti za Tulsidas, mshairi wa karne ya 16, na mchezo husimama mara kwa mara kuwasubiri. Rama na nduguze huchezwa na wavulana ambao sauti zao hazijavunjika. Wakishavikwa taji, kwa waumini wao ni miungu hasa: wazee huwagusa miguu, na wanaume huwabeba mabegani ili nyayo zao zisikanyage ardhi. Mwaka unaofuata huenda wakachaguliwa wengine, kwa sababu mvulana hukua. Uungu ule una msimu. Huvaliwa, na huvuliwa.

Govil hakuvuliwa. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi milango ya filamu za kawaida ilivyofungwa baada ya Ramayan, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwona Rama akicheza mhuni au mpenzi wa mtu. Mwili mmoja, wa mtu mmoja, ulikaa mahali palipokuwa pa maelfu ya wavulana wanaopokezana.

Si kwamba Sagar hakujua Ramayana ziko nyingi. Aliwataja kwenye tamthilia yake: Valmiki wa Kisanskriti, Tulsidas, Kamban wa Kitamil, Krittivas wa Kibengali, Eknath wa Kimarathi na wengineo. Alitaka kuwaweka wote katika chungu kimoja ili taifa zima lile pamoja. Alizaliwa mwaka 1917 karibu na Lahore, na India ilipogawanywa mwaka 1947 alihama na wakimbizi. Riwaya aliyoiandika baadaye ilihusu mauaji aliyoyashuhudia. Mtu wa namna hiyo akitamani hadithi moja ya kuwaunganisha watu, simshangai, wala simshuku nia. Ila chungu kimoja hutoa ladha moja. Wafuasi wa dini ya Jaini wana masimulizi ambamo Lakshmana, nduguye Rama, ndiye anayemuua Ravana, kwa kuwa Rama wao hamwagi damu. Wako wanaosimulia kwamba Sita ni binti wa Ravana mwenyewe. Mbengali Michael Madhusudan Dutt alitunga mwaka 1861 utenzi mzima wa kumlilia mwana wa Ravana. Hao hawakuenea chunguni.

Sisi wa pwani tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Fumo Liyongo wetu hana sura moja. Waulize wazee nani alimdunga sindano ya shaba kitovuni: wengine watakuambia ni mwanawe, wengine mpwa wake, na kila mmoja ana ubeti wa kuthibitisha. Fikiri siku moja runinga ya taifa imchukue Liyongo, impe mwigizaji mmoja, imrushe kila Jumapili bila mshindani, na watoto wote wa Kenya na Tanzania wakue wakimjua huyo tu. Tungefurahi mno. Na mzee wa Ozi mwenye Liyongo wake wa tofauti angeambiwa na mjukuu wake kwamba amekosea.

Katika Ramayana mojawapo ya Kisanskriti, ile iitwayo Adhyatma, yapo mabishano ninayoyapenda kupita yote. Rama anakwenda uhamishoni msituni na anamkataza Sita kumfuata. Sita anajitetea, hoja baada ya hoja, na hazifui dafu. Mwisho anamwambia: Ramayana nyingi zimeshasimuliwa kabla ya hii; nitajie moja tu ambayo Sita hakwenda na Rama wake msituni. Anakwenda. Hadithi inayajua masimulizi mengine na kuyachukua kuwa shahidi wake. Mshairi na mwanazuoni A. K. Ramanujan aliyasimulia mabishano hayo katika insha yake kuhusu wingi wa Ramayana. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa insha hiyo kwenye mtaala wa historia, baada ya miaka ya malalamiko ya watu walioona kwamba kutaja Ramayana nyingi ni kuitukana ile moja. Siwezi kusema Sagar ndiye aliyeiondoa. Nasema tu kwamba wengi wa waliolalamika walikuwa wa kizazi kilichokulia mbele ya uso mmoja.

Sasa siasa. Kabla ya 1987 Doordarshan ilijiepusha kurusha hadithi za dini kwa mtindo huo, na uamuzi wa kuirusha Ramayan ulichukuliwa chini ya serikali ya Rajiv Gandhi, ya chama cha Congress, ambacho kilijinadi kuwa hakifungamani na dini. Congress ilidhani imepata mtaji. Katika uchaguzi mdogo wa Allahabad mwaka 1988 ilimpeleka Arun Govil kuipigia kampeni, na mpinzani wao, V. P. Singh, akawashinda hata hivyo. Mwaka 1989 Rajiv alianzia kampeni zake Faizabad, jirani kabisa na Ayodhya, akiahidi utawala wa Rama. Akashindwa tena. Uso ule haukuwa na maana ya kura kwa kila aliyeushika.

Walioujulia ni wengine. Harakati za kudai hekalu la Rama pale uliposimama msikiti wa Babri, Ayodhya, zilikuwepo kabla ya tamthilia. Kufuli za mahali pale zilifunguliwa mwaka 1986. Lakini Rama wa miaka ya mwanzo ya harakati alikuwa jina kwenye mafaili ya kesi. Baada ya tamthilia alikuwa mtu ambaye kila mtoto amemwona akilia, akitabasamu, akifukuzwa kwao. Mwezi Septemba 1990 kiongozi wa BJP, chama cha siasa za Kihindu, L. K. Advani, aliondoka Somnath kuelekea Ayodhya ndani ya gari la Toyota lililopambwa likafanana na gari la vita la kale, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa ni gari la nani. Walikuwa wameliona Jumapili. BJP ilikuwa na viti 2 bungeni mwaka 1984. Mwaka 1989 ikapata 85, na mwaka 1991 ikapata 120. Miongoni mwa wabunge wapya wa 1991 alikuwemo Deepika Chikhalia, kutoka Baroda, na Arvind Trivedi, kutoka Sabarkantha. Sita na Ravana waliingia bungeni kwa uchaguzi mmoja na chama kimoja. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa msikiti, na ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu.

Mtafiti Arvind Rajagopal alichapisha mwaka 2001 kitabu kizima juu ya uhusiano huu, na hoja yake kubwa naikubali: tamthilia ilitengeneza hadhira, kisha harakati zikaja kuzungumza na hadhira ile. Aliyebomoa ana majina na ana chama. Kumsingizia Ba na viganja vyake kungekuwa dhuluma, na kungekuwa pia njia rahisi ya kuwaacha wenye hatia waende zao.

Kinachonizuia kabisa kuilaani runinga ni kilichofuata Ramayan. Tarehe 2 Oktoba 1988 Doordarshan ilianza kurusha Mahabharat ya B. R. Chopra, tamthilia ya utenzi mwingine wa kale wa India juu ya vita vya ndugu, sehemu 94, hadi Juni 1990. Mwandishi wa maneno yake alikuwa Rahi Masoom Raza, Muislamu, mzaliwa wa Ghazipur kando ya mto Ganga. Barua za kumpinga zilipofika, alijibu kwamba yeye naye ni mwana wa Ganga. Msimulizi aliyembuni hana dini wala kabila: ni Wakati, sauti inayojitambulisha kila wiki huku kiza cha nyota kikizunguka. Arjuna, shujaa wake mkubwa, alichezwa na Muislamu, Firoz Khan. Na hadithi yenyewe haina mtu safi. Hata Yudhishthira mpenda haki anamweka mkewe rehani kwenye kamari. Miaka ile ile, stesheni ile ile, umati ule ule. Lakini magari ya maandamano hayakupambwa kwa mfano wa Mahabharat, kwa sababu ni vigumu kuandamana nyuma ya hadithi ambayo washindi wake wanalia.

Namna hadithi inavyobanwa huonekana hata kwenye salamu. Vijijini kaskazini mwa India watu walisalimiana “Ram Ram”, au “Jai Siya Ram”, na huyo Siya ni Sita, ametangulizwa mbele ya mumewe. Kwenye tamthilia jeshi la nyani likienda vitani lilipaza “Jai Shri Ram”, na hicho ndicho kilio kilichoshika barabara miaka ya 1990 na kinachosikika hadi leo. Sita ameondoka kwenye sentensi. Naliona hili kuwa hasara kubwa kuliko watu wanavyokiri, maana kuna wanawake wengi wa vijijini ambao hadithi hii wanaiimba kwa upande wake: uchungu wa kufukuzwa, uzazi wa msituni, hasira juu ya mume aliyesikiliza umbea. Sagar mwenyewe alipata taabu na jaribio la moto, pale Sita anapotakiwa kuthibitisha usafi wake. Akachukua njia ya Tulsidas: Sita aliyetekwa alikuwa kivuli, na yule wa kweli alikuwa amehifadhiwa na mungu wa moto tangu awali. Ni njia ya huruma. Inamwokoa Rama na lawama, na inamnyang'anya Sita swali lake.

Tarehe 28 Machi 2020, India ikiwa imefungiwa ndani kwa sababu ya korona, Doordarshan iliirudisha Ramayan hewani, na baadaye shirika likatangaza kwamba sehemu ya tarehe 16 Aprili ilitazamwa na watu milioni 77. Picha ya Govil akiwa nyumbani na familia yake, mzee sasa, akijitazama kijana, ilizunguka simu zote. Filamu ya Adipurush, iliyosimulia upya hadithi ya Rama, ilipotoka mwaka 2023, Hanuman akisema maneno ya kihuni, hasira ilikuwa kubwa mpaka watengenezaji wakayabadilisha. Kipimo watu walichokishika mkononi kilikuwa tamthilia ya 1987. Hekalu la Ayodhya lilipozinduliwa tarehe 22 Januari 2024, Govil, Chikhalia na Sunil Lahri, aliyecheza Lakshmana, walikuwa miongoni mwa waalikwa. Miezi michache baadaye Govil akachaguliwa mbunge wa Meerut, mji aliozaliwa, kwa tiketi ya BJP. Ushindi wake ulikuwa mwembamba: kura 10,585.

Ipo video moja ya mwaka 2022. Govil yuko kwenye uwanja wa ndege, amevaa nguo zake za kawaida. Mama mmoja anamwona, anaanguka miguuni pake na kuinamisha kichwa mpaka sakafuni. Mwishoni Govil anamvisha kitambaa cha rangi ya zafarani shingoni. Nimeitazama mara kadhaa na kila mara namtazama yule mama, kwa sababu namjua. Alikaa ghorofa ya juu kwetu. Ulikuwa msimu wa maigizo ya Rama. Siku hizo hizo, ng'ambo ya Ganga, wavulana wa Ramnagar walikuwa wamebebwa mabegani, na usiku wa mwisho ulipofika walivuliwa taji, wakafutwa rangi usoni, wakarudi kwao kwa miguu.